Kopo la Maziwa Lililonisikiliza Kifua

Jumamosi, 3 Agosti 1991

Padri amekataa kuniondolea dhambi! Mimi! Mzee wa miaka sabini, mwalimu wa fizikia miaka thelathini na minane, mwenye kifua ambacho daktari amekisikiliza mara tatu, na kila mara akamaliza kwa kutazama dirishani. Juzi aliniambia niweke mambo yangu sawa. Daktari akikwambia hivyo, hazungumzii kabati la nguo.

Basi leo nikaenda kuungama. Fimbo mkono mmoja, Pudentienne mkono wa pili. Pudentienne ni binti yangu. Ninakaa kwake hapa mtaani Nyamirambo, pamoja na mumewe Silvère, mfanyakazi wa wizara moja kule Kacyiru, ambaye hutembea kama mtu aliyebeba wizara nzima begani. Nikamwacha binti nje. Nikapiga magoti. Magoti yakalia. Nikataja hasira, nikataja uvivu wa sala, nikataja kumwita Silvère kichwa cha kabichi. Padri alikuwa anasinzia. Mwisho nikataja saa.

Akaamka. Akauliza saa gani. Nikasema ni saa ya mfukoni ya rafiki yangu Melchior, niliyoiiba bwenini mwaka 1939. Akauliza iko wapi sasa. Nikagusa koti, upande wa kushoto, mfuko wa ndani.

Kisha akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba nirudishe kwanza, halafu nije. Nikamkumbusha kuwa imepita miaka hamsini na miwili. Akasema basi Melchior amesubiri vya kutosha.

Nimeduwaa. Nitakufa na dhambi kwa sababu ya saa!

(Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Nilikipata Bujumbura, nilikofundisha ujanani. Pudentienne amesoma Kifaransa na Kinyarwanda. Kiswahili anakiita lugha ya madereva. Siri yangu haina mahali salama kuliko hapa.)

Jumapili, 4 Agosti

Melchior amekuja, kama kila Jumapili baada ya misa, na kopo la maziwa ya unga kutoka dukani kwake. Ya bure. Kwa ajili ya kifua changu. Miaka minane sasa, tangu nistaafu. Anakaa kwenye kiti changu, anakijaza chote, anauliza nimekohoa mara ngapi wiki hii. Nami niko mbele yake, saa yake iko kifuani pangu, maziwa yake yako magotini pangu.

Niandike ukweli wote, maana padri hakuupata wote.

Ilikuwa zawadi ya somo la sayansi, mwaka wetu wa mwisho katika shule ya mabruda. Melchior wa kwanza. Mimi wa pili. Nusu alama! Bruda akamwita mbele, akampa saa ambayo namba zake ziling'aa kijani gizani kama macho ya paka. Bweni zima likapanga foleni kuichungulia chini ya blanketi lake. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Siku ya tatu saa ilikuwa ndani ya godoro langu.

Melchior alilia siku mbili. Aliyembembeleza ni mimi! Tangu hapo ananiita ndugu yake.

Sijawahi kuivaa hadharani. Nyuma imechongwa jina lake. Imepita makoti saba, daima mfuko uleule, juu ya moyo. Namba zake zilizimika siku nyingi. Rangi imekufa. Mwenye koti naye yuko njiani.

Nitairudishaje? Duka la Melchior ndilo gazeti la Nyamirambo. Nikimpa asubuhi, kufikia saa sita mchana hata muuza mkaa atakuwa anajua kwamba Mwalimu Gasana ni mwizi. Nimewaza mpaka chai ya jioni. Ndipo wazo likaja. Ingekuwa Melchior naye amenikosea mimi! Kosa kubwa kuliko langu! Ningemsamehe kwanza, kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Halafu ningeitoa saa polepole, na hakuna ambaye angeitazama.

Shida ni moja. Melchior hana makosa. Hiyo ndiyo imekuwa shida yake tangu 1939.

Jumatatu, 5 Agosti

Yampaye inka! Nimeapa kwa aliyenipa ng'ombe, kama babu yangu, tena wakati wa kunywa uji.

Silvère alikuwa anatoa habari za ofisini. Anasema huko Kacyiru wanasema maziwa ya makopo kutoka Ulaya yana mionzi. Ng'ombe walikula majani yaliyoangukiwa na moshi wa mtambo wa Warusi uliolipuka mwaka 86, na maziwa ambayo Wazungu waliyakataa yakapakiwa melini kuja kwetu. Nikamuuliza nani kasema. Akasema watu. Wizara nzima huendeshwa hivyo.

Lakini mimi nilikuwa nimeshalitazama kopo lililo mezani. Kopo la Melchior! Kosa limekuja lenyewe nyumbani, na mfuniko juu yake.

Mwanasayansi hasemi bila kupima. Nina gazeti la Kifaransa la mafundi umeme, niliachiwa na mwalimu Mbelgiji alipohama. Ukurasa wa 31: kifaa cha kupimia mionzi, mtu anajitengenezea mwenyewe. Hakitaki vitu vingi. Kinataka daiodi za mwanga, yaani punje ndogo zinazotoa umeme kidogo zikionja mwanga. Ukizifungia kwenye giza kabisa, mwanga hazina tena. Kinachozifikia ni mionzi tu, ile inayopenya hata bati. Kila mwonzi mmoja, spika inasema: tak. Zinatakiwa nne, kwa sababu moja ni sawa na kukinga mvua kwa kijiko.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Habimana, fundi redio. Fundi huyu ana dini moja tu: kuvua kava. Ukimletea redio anasema vua kava. Ukimweleza ugomvi wako na mkeo anasema vua kava. Nikamwonyesha ukurasa wa 31. Akaugeuza, akaunusa, akasema daiodi hizo anazijua, ndiyo yale macho ya deki za video yanayoitikia rimoti. Ameng'oa matatu kwenye deki zilizokufa. La nne hana. Akaniambia Muzehe, rudi baada ya mwezi.

Baada ya mwezi! Daktari wangu hata msimu wa mvua hakuutaja.

Nyumbani, chini ya kitambaa cha kufuma, iko deki ya Silvère. Ina jicho zuri sana.

Mimi si mwizi.

(Nimeisoma tena sentensi hiyo. Nimeiacha ilivyo, kwa ajili ya mpangilio.)

Jumatano, 7 Agosti

Kifaa kimezaliwa! Nimekiita Shahidi. Kiko ndani ya kopo tupu la maziwa ya Melchior, ambalo ukubwa wake ulifaa, na ubaya wake pia. Habimana alichomelea. Nilianza mimi, mikono ikatetemeka, risasi iliyoyeyuka ikadondokea kiatu chake.

Kuwasha mara ya kwanza: kilipiga ukelele! Wateja wawili wakatoka mbio, mmoja akaacha pasi yake. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye tundu la waya. Tukakizungushia utepe mweusi mpaka kikafanana na mgonjwa wa kuungua.

Kuwasha mara ya pili: kikasema! Kwa sauti ya mtu! Kilikuwa kinasoma matangazo ya vifo. Waya zilikuwa zimekamata Redio Rwanda. Maneno ya kwanza ya kifaa changu hapa duniani: familia ya marehemu inawatangazia ndugu na marafiki. Nilisikiliza mpaka mwisho. Jina langu halikuwemo. Habimana akaunganisha waya wa mwisho na bati la kopo, marehemu wote wakanyamaza.

Mara ya tatu: kimya. Mvumo mdogo tu, kama mtu anayefikiri.

Silvère jioni alibonyeza rimoti mpaka kidole kikachoka. Akaipiga gotini. Akaenda kununua betri mpya. Nikajifunika gazeti usoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nililisogeza kopo jipya la Melchior karibu na Shahidi, mezani. Nusu saa. Kimya. Nikatia maziwa ndani ya bakuli. Kimya. Nikakoroga. Kimya! Nilitaka kulia. Maziwa safi! Mtu huyu hawezi hata kukosea kwa bahati mbaya!

Nikakibeba Shahidi kukirudisha chumbani. Nilikikumbatia kifuani kwa mikono miwili nisije nikakiangusha.

Tak.

Nikasimama.

Tak. Tak-tak. Tak.

Nikakiweka mezani. Kimya. Nikakirudisha kifuani. Tak. Tak. Tak-tak-tak!

Nilikaa kitandani. Kisha nikaelewa, na nywele chache nilizonazo zikasimama. Maziwa ya leo ni safi. Ya zamani ndiyo hayakuwa! Nani anayanywa katika nyumba hii? Mimi peke yangu! Pudentienne na Silvère wananywa chai kavu. Jumapili za miaka minane! Yameteremka kooni, yametulia kifuani, palepale panaponiuma!

Nimethibitisha. Nilimpima Silvère alipokuwa amesinzia kwenye kiti: kimya. Nilimpima Pudentienne jikoni: kimya, halafu mwiko juu ya vidole vyangu. Akauliza kama homa imepanda kichwani. Nilimpima paka, ambaye hulamba kikombe changu kila siku: kimya. Lakini huyo ni paka wa Nyamirambo. Paka wa Nyamirambo hahesabiki kisayansi.

Rafiki yangu ameniua! Kijiko kwa kijiko!

Sijawahi kufurahi hivi tangu nistaafu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeponea chupuchupu.

Nilikuwa nakwenda dukani kwa Melchior kupima makopo yake ya rafuni. Nilisahau kitu kimoja ambacho hapa hakuna anayekisahau: tangu vita vianze Oktoba iliyopita, bariyeri ya barabarani iko pale chini, na askari wanaomba kitambulisho hata kwa mtu waliyemwona jana. Nami nikawatokea mbele, nimekumbatia kopo lililofungwa utepe mweusi, lenye waya, linalosema tak.

Walirudi nyuma wote. Hatua tatu, kwa pamoja, kama kwaya. Mkubwa wao akapaza sauti niweke chini. Niliweka chini. Nikataka kukaa chini nami, akakataza. Akauliza ninaongea na nani kwa redio hiyo. Nikajibu kwa haraka kwamba siongei na mtu, inasikiliza tu.

Jibu baya mno! Niliona uso wake ukijifunga kama mlango. Mwaka huu watu wamechukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo, na wengine bado tunawangoja. Nilieleza mionzi kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa vidole. Akaamuru nionyeshe. Nikaweka kifuani: tak-tak-tak. Wakarudi nyuma hatua nyingine tatu. Akasema koti, wapekue koti.

Koti! Saa! Jina la mtu mwingine mgongoni mwake!

Nikakohoa. Nilianza kwa uongo, lakini kifua changu hakijui utani. Kikaendelea chenyewe mpaka macho yakanitoka na leso ikajaa. Nilipoinua kichwa hakuna aliyetaka tena kugusa koti langu. Mmoja akasema, huyu muzehe ana kifua kikuu, mwacheni aende akafie kwake. Sijawahi kusikia maneno matamu hivyo.

Kabla sijaondoka, kijana wao mmoja akaomba kupimwa. Kimya. Akafurahi sana. Akasema afya yake inatokana na maziwa ya kopo, kambini wanakunywa kila asubuhi.

Hayo sikuyasikia.

Jumapili, 11 Agosti

Melchior kaja na kopo. Nilimtazama kwa huruma ya hakimu. Nikamuuliza maziwa yanatoka wapi. Akasema Ulaya, ndugu yangu, mazuri kuliko yote, mwenyewe ninayanywa. Muuaji mwenye tabasamu!

Nikamwalika Alhamisi, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nimemwambia ninataka kuaga. Kwetu mzee akiona jua lake linateremka huandaa pombe ya ndizi, huwaita jamaa na majirani, husema wosia wake angali na sauti: nani apate nini, nani ananidai, nani nimemkosea. Maneno ya siku hiyo hayavunjwi.

Melchior alilia. Akasema ataleta kreti mbili za bia juu ya ile pombe. Kisha akafuta macho, akasema kwa sauti ndogo kwamba naye ana jambo la kuniambia kabla sijaenda, jambo la miaka mingi, limemkalia rohoni.

Anajua! Anajua kuhusu maziwa! Nikamwambia Alhamisi atapata nafasi.

Jumatano, 14 Agosti

Pombe imefika, inachemka kwenye mitungi. Pudentienne ameazima viti vya jirani. Silvère amenunua rimoti ya tatu. Amekaa mbele ya deki kama mtu anayemsihi sanamu. Ameanza kusema kuna mtu ofisini anamroga.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya paka. Kwenye sehemu ya kumsamehe Melchior nilijitoa machozi mwenyewe. Paka akaondoka.

Alhamisi, 15 Agosti

Nitaandika mpaka nguvu ziishe.

Walikuja watu thelathini. Melchior na bia zake. Habimana na shati jipya. Mama Gahongayire, jirani yetu, ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa mtu. Hata padri alikuja kubariki. Akakaa mbele, akawa analitazama koti langu na si mimi.

Nikasimama. Nikagawa vitabu. Nikagawa fimbo. Silvère nikamwachia gazeti la mafundi umeme, akashukuru bila kujua kwa nini. Kisha nikamtoa Shahidi.

Nikawaeleza mionzi, kama darasani. Nikamweka kifuani. Tak-tak-tak! Wanawake wakashika midomo. Nikawaeleza maziwa. Kopo kwa kopo, Jumapili kwa Jumapili. Nikamgeukia Melchior, nikanyoosha mkono, nikatamka kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo kwamba ameniua, na kwamba ninamsamehe!

Nilitegemea machozi. Kilichokuja ni vurugu. Gahongayire aliweka kikombe chini kama kilichomuuma, akasema wajukuu zake wananyweshwa nini basi siku zote hizi? Mwingine akasema duka lile lifungwe kesho. Mwingine akasema kwa nini kesho. Melchior alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akasema amewalea watoto tisa kwa maziwa hayohayo. Akaomba apimwe. Nikampima, kifua chake chote, na si kidogo: kimya. Gahongayire akasema loo, mwenye duka hali sumu yake! Miaka arobaini ya duka, nami nilikuwa nimeibomoa kwa dakika kumi.

Nilihisi kitu fulani hapo. Nilidhani ni pombe.

Ndipo Habimana akasimama nyuma, akasema:

"Mwalimu, vua kava."

Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Akasema fundi haamini mashine iliyofunikwa. Vua koti, tupime kifua chenyewe. Nikasema ninahisi baridi. Saa saba mchana, Agosti, vumbi limesimama hewani kwa joto! Gahongayire akauliza tangu lini sayansi inaogopa shati. Watu wakacheka. Pudentienne akanivua koti kama anavyovuliwa mtoto wa shule, mkono wa kwanza, mkono wa pili, akalitundika kwenye kiti.

Shahidi juu ya shati langu: kimya.

Habimana akampitisha juu ya koti, polepole. Mkono wa koti: kimya. Kola: kimya. Kifua cha kushoto:

Tak-tak-tak-tak-tak-tak!

Padri akafumba macho. Pudentienne akatia mkono mfuko wa ndani.

Binti yangu akaigeuza saa, akasoma nyuma yake, akamtazama Melchior, akampa. Melchior akasoma jina lake mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inalisoma tena na tena, kama mtu anayejifunza kusoma.

Na mimi, katika saa ile ya aibu, nilifikiria nini? Radiamu! Namba za kijani zilipakwa radiamu! Kinachochoka ni rangi inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe haichoki. Nusu yake tu huisha, tena kwa miaka elfu moja na mia sita. Nimelifundisha hilo miaka thelathini na minane! Nimewanyima watoto alama kwa kulikosea! Na muda wote huo nilikuwa nimeiweka juu ya moyo wangu, nikimshangaa daktari kutazama dirishani.

Nikakaa. Kisha nikasimama tena, bila koti, nikasema yote. Foleni, godoro, jinsi nilivyombembeleza. Kwamba maziwa ni safi kabisa na mchafu ni mimi. Nikamngoja anipige. Ana haki, na ana mikono.

Melchior alilia kwanza. Kisha akaniomba niketi, maana ana lake. Akasema zawadi ile haikuwa yake. Alinakili karatasi yangu! Swali kwa swali, kutoka chini ya kwapa langu, mtihani mzima! Bruda alimwongezea nusu alama kwa mwandiko safi. Saa ilipopotea alijua ni Mungu ameichukua, akalia kwa hofu. Tangu hapo anatafuta namna ya kunilipa. Nilipostaafu mimi, akaanza kuleta maziwa.

Nilijimiminia pombe mpaka kikombe kikafurika.

Gahongayire akachukua kikombe chake, akanywa chai yake ya maziwa mpaka chini, akasema basi mambo ni mepesi: maziwa ni safi, wazee ndio wenye sumu. Pombe ikaisha yote.

Ijumaa, 16 Agosti

Kitandani. Mwili kama gunia tupu.

Pudentienne aliniletea uji, akasema nirudishe jicho la deki kabla Silvère hajanunua rimoti ya nne. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kwa Kiswahili! Kiswahili safi, cha sokoni Nyamirambo, cha miaka kumi na mitano ya kununua nyanya. Akasema pia kwamba paka wa mtaa huu anahesabika kama paka wengine.

Sina pa kujificha duniani.

Kuanzia leo nitaandika kwa herufi ndogo zaidi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeondolewa dhambi! Malipizi: rozari nzima, na kukaa mlangoni kwa Melchior asubuhi yote na Shahidi, nikipima kila kopo mbele ya wateja na kutangaza kuwa ni safi. Nilipima makopo sitini na moja. Kimya, kimya, kimya. Watu walikuja hata kutoka mtaa wa Biryogo kusikiliza kopo lisilosema kitu. Melchior alinishika bega mbele yao wote, akasema huyu ni ndugu yangu. Wateja wakapiga makofi. Nimetoka pale mwepesi kama karatasi. Sasa ninaweza kufa wakati wowote.

Jumapili, 18 Agosti

Sijafa. Kwa hiyo nimepata muda wa kufikiri.

Ikiwa Melchior alinakili karatasi yangu yote, basi majibu yale yalikuwa yangu. Ukiondoa mwandiko, wa kwanza alikuwa nani? Mimi! Zawadi ilikuwa ya nani? Yangu! Basi mwaka 1939 sikuiba. Nilijikabidhi kilicho changu! Na Alhamisi, mbele ya watu thelathini na padri, nimemkabidhi mwizi mali yangu kwa mkono wa binti yangu mwenyewe! Nimeduwaa upya kabisa.

Melchior alikuja baada ya misa, na kopo lake, kama kawaida. Akalalamikia joto. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti changu, kando ya langu. Kikombe cha pili, akasinzia, mdomo wazi kama bwenini zamani. Mnyororo wa saa ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko.

Pudentienne alikuwa jikoni. Silvère alikuwa mbele ya deki yake, ambayo sasa inaona. Paka tu ndiye aliyekuwa ananitazama.

Padri anasikiliza maungamo Jumamosi. Leo ni Jumapili. Nina siku sita.

Safari hii nimeitia mfuko wa kulia. Hatari nimeshaielewa. Moyo uko kushoto.